Shuka Langu na Mashine ya Kupima Hewa

Mume wangu ni mlinzi wa geti la ghala, pale njia panda malori yanapounguruma tangu alfajiri. Ni mtu wa kufuata maagizo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu wangu miguu yake ni mizima kabisa.

Tatizo lilikuwa kifuani. Alianza kupumzika katikati ya ngazi, daktari akampima, akasema mishipa ya moyo imebana.

"Mimi sivuti sigara, daktari."

"Unavuta malori, mzee. Ule moshi unaingia mapafuni, na vumbi lake laini linapita mpaka kwenye damu. Moyo ndio unaobeba mzigo. Hama pale, la sivyo tutakupokea hapa umebebwa."

Akaomba uhamisho, aende ghala la pili kule kwenye miti. Ofisi ikajibu kwa barua yenye mhuri: mashine ya kupima hewa, iliyofungwa ukutani kando ya kibanda chake, inaonyesha hewa ya pale ni safi kuliko ya mtaa wowote. Ombi limekataliwa.

"Mashine haina sababu ya kunisingizia," akasema, akaikunja barua vizuri.

Mimi sikuridhika. Kesho yake nikampelekea chakula, nikaikuta hiyo mashine imefunikwa gubigubi kwa shuka langu la maua, lile nililolitafuta mpaka nikamnunia jirani.

"Hii ni nini, baba watoto?"

"Fundi aliyeifunga aliniagiza niitunze, ni ya bei. Vumbi la hapa si unaliona? Naifunika kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu waifunge. Mwaka wa pili huu."

Nikalivuta shuka. Namba zikapanda, taa ikawa nyekundu, ikabaki nyekundu.

Tukaenda ofisini. Meneja akamsifu kwa uaminifu, kisha akaeleza kwamba wao hutumia wastani wa miaka miwili, kwa hiyo tusubiri miaka miwili mingine.

Nyumbani nikaliloweka shuka. Maji ya kwanza yakatoka meusi, ya pili meusi, ya tatu vilevile. Nikalia pale pale kwenye beseni. Shuka lina mimi wa kulifua. Moyo wake nitauanika wapi?

Asubuhi akavaa sare. Nikafunga mlango, ufunguo nikauvaa shingoni.

"Sasa geti nani atalinda?"

"Fundi alikuagiza utunze mashine," nikamwambia. "Mimi nakuagiza ukae."

Akatazama mlango, akanitazama mimi. Akakaa.