Mwite kwa Jina Lake

Kathini alimgeuza mwanawe peke yake. Sista Salama alikuwa amemwonyesha mara moja tu: mkono huu chini ya bega, huu chini ya nyonga, shingo isipinde. Ilikuwa kazi ya wauguzi, lakini wodi nzima ya wanaume ilikuwa na muuguzi mmoja, naye wakati huo alikuwa ng'ambo ya pili akipambana na mgonjwa wa kifafa. Kathini akapangusa matapishi, akaweka leso kavu chini ya kichwa kilichofungwa bandeji. Mgonjwa aliyelazwa naye kitanda kimoja, mguu ndani ya plasta, akajisogeza ukutani bila kuambiwa.

"Mzee," Kathini akaita. "Mzee, amka. Unaitwa nani?"

"Mzee," kijana akajibu, na moyo wa mama ukatulia.

Jina lake hasa lilikuwa Kisilu, jina la babu yake mzaa baba. Na kwao, upande wa Kibwezi, mke hatamki jina la baba mkwe, hata likiwa limebebwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Ni nthoni, heshima na aibu kwa pamoja. Basi tangu akinyonya alikuwa Mzee, na boma zima likamwita hivyo. Kisilu lilikuwa jina la shule na la kitambulisho. Jumatatu alianguka kutoka juu ya lori la mchanga kule mtoni. Mwenye lori akamshusha kwenye geti la hospitali, akaondoka, na simu yake haijashika hadi leo.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mgeni wa eneo hili, na foleni ilifika nje.

"Unaitwa nani?"

"Mzee."

Daktari akacheka. "Mzee, na ndevu bado?"

"Daktari, hilo ndilo jina..."

"Mama, nimemuuliza mgonjwa. Tafadhali." Akamgeukia Salama. "Amechanganyikiwa. Ni kawaida mtu akigonga kichwa. Aangaliwe hapa hapa. Akizidi, tutampeleka Nairobi apigwe picha ya kichwa."

Kathini akamfunika mwanawe shuka. Angebisha aseme nini, na jina lenyewe haruhusiwi kulitamka? Tangu siku hiyo, kila zamu ilipobadilika alisikia wauguzi wakiambiana: huyu ndiye yule aliyechanganyikiwa. Neno lile lilimchoma, lakini nani alimuuliza yeye?

"Muulize jina, muulize yuko wapi," Salama alikuwa amemwagiza. "Ukiona amebadilika, niite mbio."

Alhamisi, saa ya kuona wagonjwa, baba mkwe alifika kutoka nyumbani, akaketi miguuni pa kitanda, bakora katikati ya magoti. Kathini alijifunga leso vizuri, akamwinamia mwanawe.

"Mzee, unaitwa nani?"

"Simba."

Simba alikuwa mbwa wao.

"Nimekuuliza unaitwa nani!"

"Mfungueni Simba," kijana akasema, ulimi mzito, akafumba macho.

Kathini alikimbia, kandambili moja ikabaki nyuma. "Sista, amebadilika! Anasema yeye ni Simba!"

Salama alikuwa na sindano mkononi. "Si huyo amechanganyikiwa tangu aje, mama? Juzi Mzee, leo Simba. Wacha nimalize huyu. Niko peke yangu, unaona."

"Mzee ni jina lake! Ndilo ninalomwita nyumbani!"

Salama akasimama tuli. Alikuwa Mwislamu wa Mwingi, amelelewa katikati ya Wakamba. "Nthoni?" akauliza.

"Ee."

"Ai, mama! Kumbe siku zote alikuwa anajibu sawa! Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nikanyamazishwa."

Salama alifika kitandani mbio, akambonyeza kijana ukucha kwa kalamu, akamfunua kope na kummulika kwa tochi ya simu. Mboni moja ilikuwa imetanuka kuliko nyingine. Akapiga simu, kijana apelekwe Nairobi.

"Ambulansi iko wapi? Kalamba? Inafanya nini Kalamba?"

Mtu wa upande wa pili aliongea kwa sauti, na Kathini alisikia yote. Imeenda na mheshimiwa kufungua zahanati. Imebeba viti na tenti. Wako njiani wanarudi, mbona joto jingi, haraka ya nini?

"Mwite, mama," Salama akasema. "Usimwache alale."

"Mzee! Mzee!"

Kimya.

"Basi mwite lile lingine. La shule. Kwa nguvu!"

Kathini alimtazama baba mkwe. Yule mzee akavua kofia, akajifunika nayo uso, ampe nafasi. Kathini akamgeukia mwanawe. Maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kulitamka.

"Kisilu!"

"Niko," baba mkwe akaitika. Lilimtoka tu, kama linavyomtoka mtu yeyote akiitwa.

Honi ikalia nje. Salama akakimbilia dirishani. Ambulansi ilikuwa imesimama uani, milango ya nyuma wazi, na vijana wenye fulana za mheshimiwa walikuwa wanashusha viti vya plastiki, kimoja kimoja, vimefungwa utepe bado.

"Tokeni hapo! Nina mgonjwa!"

"Subiri kidogo, sista," dereva akajibu. "Viti ni vya kukodi, visivunjike."

Kathini alikuwa ameushika uso wa mwanawe kwa mikono miwili. Aliita tena, na sasa wodi nzima ilimsikia.

"Kisilu! Kisilu wangu!"

"Niko," baba mkwe akaitika chini ya kofia, akilia. "Niko."

Huko uani walikuwa wameanza kushusha tenti.