Kabari za Bibi Ufagio

Sisi tunaokarabati nyumba za wazee bila malipo tuna utaratibu mmoja unaowachekesha mafundi wengine: mwenye nyumba hahamishwi. Anabaki humo humo na vikombe vyake na paka wake, sisi tunamzunguka. Shirika letu liliamua hivyo baada ya kuona kwamba ukimtoa mzee kwake hata kwa muda mfupi, ndugu humzoea huko aliko, na kurudi kunakuwa hadithi. Ni utaratibu mzuri, siupingi. Lakini siku ile nusura unitoe roho.

Nyumba ilikuwa ya bikizee mmoja aliyekuwa akiishi peke yake. Tulimpachika jina la Bibi Ufagio, kwa sababu ukiangusha punje ya saruji, yeye yuko nyuma yako na ufagio. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilisikia lilichotaka.

Boriti ya sebuleni, ile inayobeba dari yote, ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka ndani. Mimi na mwenzangu Taratibu, fundi ambaye hata chafya haipigi haraka, tuliiegemezea nguzo mbili za muda wakati tukisubiri boriti mpya. Chini ya kila nguzo tulipigilia kabari, vile vipande vya mbao vyenye ncha nyembamba vinavyoisukuma nguzo juu mpaka ikaze. Kabari ikitoka, nguzo haibebi kitu tena, inabaki pambo.

"Bibi, humu sebuleni usiingie," nilimwambia kwenye sikio zima. "Pitia mlango wa jikoni."

"Nimesikia, mwanangu. Kwani mimi mtoto?"

Gari lilipoleta boriti mpya tukatoka kuipokea barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ilikuwa tope tupu, kwa hiyo kuishusha kulituchukua muda. Kisha nikarudi ndani kufuata nyundo yangu, huku nikimtania Taratibu kwamba tutamaliza kazi wajukuu zake wakiwa wastaafu.

Nilipofika mlangoni, nilisimama.

Sebule nzima ilikuwa imepigwa deki, sakafu inang'aa. Kabari za nguzo ya kwanza zilikuwa zimepangwa vizuri ndani ya ndoo ya taka. Nguzo yenyewe ilikuwa imeinama kidogo, haigusi tena boriti. Na Bibi Ufagio alikuwa amepiga magoti mbele ya nguzo ya pili, nyundo yangu mkononi, anaigonga kabari kwa nyuma, kama alivyotuona sisi tukiigonga kwa mbele. Kabari hiyo ilikuwa imeshatoka nusu. Juu yake dari ilikuwa inadondosha vumbi jembamba, na boriti ilikuwa inalia.

Yeye hakuisikia. Mimi niliisikia mpaka kwenye meno.

Nilifungua mdomo nipige kelele, nikaufunga. Nikimshtua, kitu cha kwanza atakachoshika ni ile nguzo. Nikimkimbilia, sakafu ni maji matupu, nitateleza nimwangukie yeye na nguzo pamoja. Nilikuwa nimewahi kuona dari ikishuka, najua inavyokuja yote kwa pamoja, bila kumpa mtu nafasi hata ya kuinua mkono. Akagonga tena. Vumbi likazidi.

Ndipo nikatazama viatu vyangu, vizito kwa tope. Nikapiga moyo konde. Nikaingia hatua moja tu mlangoni, mahali jicho lake litaniona, nikaanza kuburuta miguu kwenye ile sakafu yake safi, huku na huku, kama mwendawazimu. Tope likachora michirizi myeusi. Niliendelea kupaka.

Aligeuka. Akaniona. Macho yakamtoka.

"Wewe! Wewe binti huna adabu!"

Akaitupa nyundo, akanyakua dekio, akanijia mbio ambazo sikujua kama anazo. Nilirudi kinyumenyume mpaka kibarazani, naye ananifuata, ananichapa mabegani kwa lile tambara la maji, ananiuliza ni mama gani aliyenilea. Nilimshika kiunoni nikamvuta mpaka uani.

Nyuma yetu boriti ikakatika. Dari ikashuka yote. Vumbi likatoka mlangoni likatufunika, tukakohoa pamoja tumeshikana.

Taratibu alikuja mbio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Lilipotua vumbi tukachungulia. Pale alipokuwa amepiga magoti palikuwa na kipande cha boriti kilicholalia ndoo iliyopondeka.

Bibi Ufagio alipatazama. Dekio likamponyoka.

"Nilidhani ni takataka zenu," alisema. "Vile vijiti. Nikasema mkubwa wenu akija kukagua akute pachafu, atasema huyu hajiwezi tena, apelekwe kwa wazee wenzake."

Kumbe wakati wote aliokuwa akifagia nyuma yetu alikuwa anaogopa, na sisi tulikuwa tunacheka.

"Sasa mtanitoa," alisema.

"Utalala hapo kwa jirani mpaka tuinue boriti mpya na dari. Kisha unarudi kwako. Hakuna wa kukutoa, Bibi."

"Unanidanganya. Kama si uongo, mbona unatetemeka hivyo?"

Ni kweli nilikuwa natetemeka. Mikono, midomo, kila kitu. Hasira ikanipanda ghafla, ile inayokuja hofu ikishapita.

"Natetemeka kwa sababu ulikuwa unakufa!" nilipayuka. "Nimekuona pale chini! Nimesimama mlangoni nakutazama unakufa, Bibi, na mimi sina la kufanya!" Nikaanza kulia, mimi ambaye mafundi wenzangu huniita Msumari.

Hakunikemea. Alinisogelea, akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama anafuta kikombe.

"Ni miaka mingi sana," alisema, "hakuna mtu aliyetetemeka kwa ajili yangu."

Kisha miguu yake nayo ikaanza kutetemeka, na ikabidi tukae chini wote wawili, pale pale kwenye tope.