Sanduku Lisilovuja Hewa

Msimu wa kahawa ulipokwisha, mwaka 1987, Telesfori alianza kutengeneza sanduku la spika, na nyumba yake pale Rugera ikanuka gundi kuliko ilivyonuka ndizi.

Spika yenyewe, pana kama sahani ya wali, aliipata Kayanga kwa Othman, mwenye duka na fundi wa redio, aliyeing'oa kwenye gramafoni iliyokufa.

"Usitoboe tundu la kupumulia kama wafanyavyo wengine," Othman alimwambia. "Ziba kila upande. Hewa ikibanwa humo ndani itaisukuma spika kama springi, na besi itakuja safi. Ikivuja hata kidogo, utasikia mkoromo tu."

Telesfori alikuwa mkulima, lakini tangu utotoni redio zilimtia wazimu. Safari hii alikuwa na sababu zaidi. Kwaya ya kigango chao ilikuwa imerekodiwa kwenye kaseti, na baba mkwe wake, mzee Twagirayezu, aliyeimba besi tangu alipohamia huku kutoka Rwanda akiwa kijana, hakusikika hata chembe. Spika ndogo ya redio kaseti ilitoa sauti za kina mama na kayamba basi. Watu walimtania mzee kwamba kanisani anafungua mdomo tu. Alicheka nao, lakini Telesfori alimwona akirudi nyumbani kimya.

Basi akapiga randa mbao nene za mvule, akaziunga kwa gundi na skrubu, akakata duara mbele. Akazungushia spika mpira wa ndani wa baiskeli ili ikae bila mwanya, kisha akajaza sanduku sufi ya mto wa zamani.

Mkewe, Mukashema, aliuona mto ukichanwa. "Sufi hiyo ikipotea bure," alisema, "wewe ndiye utakayelala bila mto."

Alipounganisha waya na kuwasha redio kaseti, ukatoka mkoromo. Aliibonyeza spika kwa vidole, ikarudi upesi bila ukaidi wowote.

"Inavuja," alisema, "ila sioni wapi."

Mukashema alilowesha kiganja kwa maji. "Ibonyeze tena, polepole." Akakipitisha kiganja kwenye maungio, upande mmoja baada ya mwingine, hadi nyuma, mahali waya ulipoingilia. "Hapa. Nasikia baridi."

Telesfori aliyeyusha nta ya nyuki akaidondosha pale, akangoja ikauke huku akizunguka chumba kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe. Alipobonyeza tena, spika ilikataa kidogo, ikazama, kisha ikarudi taratibu.

Jumapili baada ya misa walimwita mzee.

"Shikamoo, baba," Telesfori alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hilo ndilo banda la kuku ulilokuwa ukigongea misumari?"

Telesfori akawasha. Kwanza waliingia kina mama, kama siku zote. Kisha chini yao ikapanda sauti nzito, iliyojaa, vikombe vikatetemeka kabatini. Mzee aliweka kiganja juu ya sanduku.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, baba," alisema Mukashema.

Mzee aliinamisha kichwa akasikiliza. Ubeti ukaisha, kwaya yote ikanyamaza, na besi moja ikaendelea peke yake kwa nusu neno. Mukashema alicheka mpaka akakaa chini.

"Wao ndio walioacha mapema," alisema mzee, na kicheko kikamshinda naye.

Majirani waliingia mmoja mmoja, wengine bado wamevaa nguo za misa, na kila aliyefika alitaka kanda irudishwe mwanzo. Mzee ndiye aliyewaonyesha mahali besi yake inapoingia. Telesfori alitoka nje, akatembea kati ya migomba akirudi nyuma, akitaka kujua besi inafika wapi. Alifika mpakani mwa shamba bado anaisikia kifuani.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye baiskeli, akielekea Kayanga kumuuliza Othman kama amebakiwa na spika nyingine.