Sikio la Taifa

Magazeti yalimbatiza yule mtunzi wa tamthilia "Sikio la Taifa", na kila dada yake aliposoma maneno hayo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakasirika. Sikio lenyewe la kushoto lilikufa mtunzi akiwa na miaka minne, baada ya kutoa usaha mwaka mzima. La kulia lilisalimika nusu. Wasomi wameandika kurasa kwa kurasa juu ya tabia yake ya kuinamisha kichwa anapozungumza na mtu, na wameiita tafakuri. Maskini, mtu wa watu anatafuta tu upande unaosikia.

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na jina lake la utani lilikuwa Redio. Alipewa na marehemu baba yao, fundi vilevile, aliyesema kwamba redio ya dukani ina nafuu kuliko binti yake kwa kuwa angalau ile ina kitufe cha kuzimia.

Asubuhi hiyo watu wa televisheni walikuwa wamejazana kwenye duka la ushonaji, lilelile la baba, kutengeneza kipindi kuhusu "maisha ya awali na familia" ya mtunzi, aliyekuwa anatimiza miaka sitini. Walisogeza cherehani. Wakafunga taa kwenye rafu ya vitambaa. Wakamwomba Redio aondoe suruali za watu zilizokuwa zikisubiri pindo, eti zinaharibu mandhari. Redio akaziondoa, na juu ya hayo akatabasamu. Alikuwa amejiapiza tangu alfajiri kujikaza kisabuni, kwa sababu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake aseme, mara moja, mbele ya kamera, kwamba yote aliyoyasikia utotoni aliyasikia kwa mdomo wa dada yake.

Maana ukweli ni huu. Walipokuwa wadogo, kila mchana wakitoka shule, Redio alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya kukatia, akipiga pindo na kushona vifungo. Mdogo wake alijibanza chini ya meza, juu ya vipande vya vitambaa. Wateja walizungumza sana dukani mle, kwani mtu aliyesimama katanua mikono huku anazungushiwa futi kifuani hana kazi nyingine ya kufanya. Mtoto hasikii. Basi anavuta gauni la dada yake: "Kasemaje?" Redio anainama, anamwambia.

Huko kumwambia ndiko kulikokuwa na mambo. Wateja wenyewe walikuwa watu wa kuchosha ajabu. Iwe ndefu kidogo. Mfuko mmoja unatosha. Utampelekea mtoto mgonjwa habari za namna hiyo? Redio akatia chumvi. Mwanzoni kidogo, halafu chumvi ikawa nyingi kuliko chakula. Bwana aliyetaka mifuko mirefu akageuzwa mwizi wa vijiko vya harusini. Karani wa posta aliyelalamika kwamba kola inambana, kwa Redio alikuwa amebanwa na mke, na mama mkwe, na barua ya watu aliyoifungua kwa mvuke wa birika.

Halafu akaja mjane. Alileta suti ya marehemu mumewe, akasema maneno manne: "Kiuno punguza inchi mbili." Redio, wa miaka kumi na moja, akainama na kumshushia mdogo wake kisa kizima. Mjane anaolewa Jumamosi. Anaolewa na yule rafiki wa marehemu aliyelia kuliko wote mazikoni, na bwana harusi mpya ni mwembamba. Na amemwambia baba, "Fundi, kiuno kipunguze, aibu iache ilivyo."

Sentensi hiyo leo iko kwenye vitabu vya shule. Ndiyo inayofunga onyesho la kwanza la *Kiuno cha Marehemu*, mchezo uliompa mtunzi jina, nyumba na kitambi. Mtoto wa kwanza wa Redio aliwahi kuulizwa kwenye mtihani maneno hayo yanatoka wapi. Akajibu, "Kwa mama." Alipata sifuri, na mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba utani una mahali pake.

Miaka yote hiyo Redio alikuwa akimtetea mdogo wake moyoni. Hajui, alijiambia. Anadhani ni maneno ya wateja, na maneno ya wateja hayana mwenyewe, sasa nimwite mwizi kwa lipi? Kumwambia aliona ni kama kuomba, na yeye si mtu wa kuomba. Lakini moyo ulikuwa umemjaa, na kila mwaka ulizidi kujaa.

Mama yao, aliyekula chumvi nyingi na ulimi wake bado una makali, aliwekwa kwenye kiti chenye mto karibu na mlango. Mtangazaji, binti mwenye adabu na karatasi ya maswali, akaanza na yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Usinipige picha ya pembeni, pua inatokeza."

"Bibi, kipaji cha mwanao kimetoka wapi?"

"Kwangu," alisema mama. "Upande wa baba yake hakuna aliyewahi kumaliza sentensi. Siku aliyokuja kuniposa alifika kwenye 'nime', akaomba maji. Ikabidi nimalizie mwenyewe."

"Na kuna wanaosema alikuwa na matatizo ya masikio..."

"Masikio yake mazima! Kichwa ndicho kilikuwa kigumu. Mimi sikuzaa kiziwi."

Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo kikubwa. Kwa mama, mtoto mwenye kasoro ni aibu ya mzazi, kwa hiyo sikio halikutajwa ndani ya nyumba ile, na mtunzi alijifunza mapema kuuficha uziwi wake kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka.

Mtunzi mwenyewe aliingia saa nne, kajifunga skafu shingoni na jua lote lile. Alimwamkia mama, akamkumbatia dada yake, akakaa mbele ya meza ya kukatia. Kamera ilipowashwa ikasikika filimbi nyembamba. Mpiga picha akavua spika zake za masikioni, akatafuta huku na huku, mwishowe akanyoosha kidole kwa heshima kwenye nywele za mtunzi, ambako kulikuwa na kifaa kidogo cha kumsaidia kusikia.

"Samahani, mzee. Hicho kinapigana na maikrofoni yetu."

Mama akatazama dari kwa bidii. Mtunzi akakivua kifaa, akakitia mfukoni.

"Dada," alisema, sauti imepanda kidogo kama ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe, "kaa pale karibu na kamera, uwe unaniambia wanachouliza. Kama zamani."

"Usiwe na wasiwasi, mama," mpiga picha alimwambia Redio. "Sauti yako tutaikata yote."

Redio hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hasira, lakini akakaa.

Mtangazaji alisoma swali kwenye karatasi, Redio akalirudia, mtunzi akajibu. Alizaliwa chumba gani? Cha nyuma ya duka. Baba alikuwa mtu wa namna gani? Mpole, mwenye mkono mwepesi wa mkasi. Swali la tatu: alipata wapi sikio lile la ajabu, linalonasa maneno ya watu wa kawaida? Redio alilirudia neno kwa neno, akamkazia macho mdogo wake, akangoja.

"Chini ya meza hii," alisema mtunzi, akaipiga meza kofi la mapenzi. "Nilikaa humu nikisikiliza. Hakuna neno lililonipita."

Damu ilimchemka Redio mpaka akasikia joto masikioni. Hakuna neno lililompita! Mtu ambaye hata akipigiwa ngoma nyuma ya kisogo anauliza kama kuna mtu kabisha hodi.

Mtangazaji akaiweka karatasi chini, akainua uso, akauliza la mwisho: "Una ujumbe gani kwa waandishi chipukizi?"

Mtunzi akamgeukia dada yake.

"Anauliza," alisema Redio kwa utulivu kabisa, "ulipokuwa chini ya meza, nani alikuwa anakwambia watu wanasema nini?"

Mtangazaji akaachama. Mpiga picha akamwashiria anyamaze, akaiacha kamera iendelee.

"Hakuuliza hivyo," alisema mtunzi. "Ameuliza ujumbe kwa waandishi chipukizi. Safari hii hakuinamia karatasi, nimemwona mdomo."

"Umemwona mdomo?"

"Nasoma midomo, Dada. Tangu nina miaka sita. Pale chini nilikuwa nakiona kioo cha wateja, na ndani ya kioo nawaona wao. Yule mjane nilimwona. Maneno manne, kafunga mdomo. Wewe uliinama ukaongea mpaka baba akauliza kama vifungo vinajishona vyenyewe."

"Ulijua kwamba natunga?"

"Toka siku ya kwanza."

"Na ukawa unanivuta gauni, kasemaje, kasemaje!"

"Walichosema wao nilikwisha kiona," alisema mtunzi. "Nilikuwa nataka chako."

Hakuna mtu aliyewahi kumsifu Redio namna ile, na furaha ilimpanda mpaka kooni. Hasira nayo ikaifuata hukohuko. Ikiwa alijua, basi alijua pia kwamba maneno yana mwenyewe.

"Miaka arobaini nimekutetea," alisema. "Najiambia hajui, masikini, hajui. Kumbe mwizi mwenye macho yake!"

"Ndiyo," alisema mtunzi.

"Usimwite mwenzako mwizi mbele ya wageni," alisema mama.

"Mwache aniite, Mama." Mtunzi alifungua skafu, akaikunja, hakujua pa kuiweka. "Niliona haya. Walikwisha niita Sikio la Taifa. Ningewaambia sikio ni bovu na maneno ni ya dada? Nikasema mwakani. Kila mwaka nikasema mwakani."

Kisha akaigeukia kamera, akakaa wima, kichwa hakukiinamisha upande wowote.

"*Kiuno cha Marehemu* alikitunga dada yangu, akiwa na miaka kumi na moja, huku anashona vifungo. Na michezo mingine yote niliiandika kwa kujiuliza yeye angesemaje. Mimi sikusikia kitu. Mimi ni kiziwi."

"Si kweli," alisema mama, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Ni kweli, Mama," alisema mtunzi, aliyekuwa amekwisha mgeukia.

Mama aliuvutavuta mto wake. Baadaye akamwambia mtangazaji kwamba hata hivyo, Redio naye ni wa upande wake.

Mpiga picha alichungulia kwenye mashine yake, akainua kichwa akitabasamu. "Safi sana. Sauti imeingia vizuri kabisa, hakuna haja ya kurudia."

Redio alikuwa anajifuta machozi kwa suruali ya mteja.

"Najua imeingia," alisema. "Arudie."