Ndevu za Hina Mbele ya Kamati

Mimi ni mchongaji. Kwa miaka thelathini na minane nimechonga twiga, vifaru na Wamasai wa mti wa muhugu, na msasa naujua kuliko mtu yeyote hapa mtaani Ziwani. Msasa unapigwa mara moja, mara mbili, basi. Ukirudia mahali pamoja mara ya tatu unatoboa sikio la twiga. Kwa hiyo niliposikia kwamba Hibaq, mtoto wa jirani yangu, ameitwa kupigwa msasa na kamati kwa mara ya tatu kabla ya kupewa kitambulisho, hasira zilinipanda hadi kwenye utosi.

"Kwani wanatafuta nini ndani yake?" nilimuuliza mke wangu Wavinya.

"Usomali," alisema, akiendelea kukata sukuma wiki.

Hibaq na binti yetu Ndunge walizaliwa juma moja. Walisoma darasa moja na kuugua tetekuwanga pamoja, kitanda kimoja, chumbani kwangu. Walipofikisha miaka kumi na minane walienda kuomba vitambulisho siku moja, foleni moja. Ndunge alichukuliwa alama za vidole, akaambiwa aende nyumbani. Kitambulisho kilitoka kikiwa na jina Ndungu, jinsia mume, na hakuna aliyejali. Hibaq aliambiwa asubiri kamati. Kamati ilipokaa ilitaka kitambulisho cha baba yake, akaleta. Mwaka uliofuata ikamwita tena, ikataka cha babu, akaleta. Babu yake, Mzee Wehliye, aliishi mtaa huu akishona suti za watu kabla baba yangu hajavaa viatu. Sasa kamati ilitaka shahidi, mzee wa kabila lingine, Mkenya halisi asiye na shaka.

Mkenya halisi asiye na shaka ni mimi. Wavinya alicheka aliposikia, lakini Hibaq alikuja mwenyewe kuniomba, akiwa ameshika barua ya chuo cha uuguzi kwa mikono miwili. Chuo kilikuwa kimemwita. Asipofika na kitambulisho, au hata karatasi ya kungojea, kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi yake ingepewa mwingine. Zilibaki Alhamisi mbili tu, na kamati ilikaa Alhamisi peke yake.

"Baba Ndunge, utaenda?" aliniuliza.

"Nitaenda, na nitaenda nimependeza," nilisema.

Hapo ndipo nilipojiponza. Ndevu zangu zimekuwa nyeupe pe, na sikutaka kamati idhani nimeanza kusahau mambo. Nilimtuma Wavinya dukani kwa Amino, mama yake Hibaq, anunue kitu cha kupaka ndevu. Yeye aliomba hina ya ndevu za mzee. Amino hakuuliza swali. Kwake hina ya ndevu za mzee ni moja tu, na aliichanganya mwenyewe kwa upendo. Nilipaka, nikalala kidogo nikisubiri ikauke. Nilipoamka na kunawa, kidevu changu kilikuwa rangi ya karoti, kama cha wazee wa Kisomali.

"Si mbaya," Wavinya alisema, kisha akatoka nje kucheka.

Kwa kuwa Alhamisi asubuhi kulikuwa na manyunyu, nilivaa pia kofia aliyonizawadia marehemu Mumin, baba yake Hibaq. Na kwa kuwa mimi ni mrefu, mwembamba, mwenye pua niliyoachiwa na mama, tulipoingia katika ofisi ya usajili Hibaq alinitazama mara mbili.

"Baba Ndunge," alininong'oneza, "leo unafanana na mjomba wangu wa Eastleigh."

Mezani walikaa watatu. Mwenyekiti aliitwa Bwana Kweyu, mtu mnene mwenye kalamu nne mfukoni. Karani wake, Wangeci, alikuwa na rundo la mafaili. Wa tatu alikuwa mzee aliyesinzia. Nilitoa kitambulisho changu. Wangeci alitazama picha iliyopigwa nikiwa kijana asiye na hata unywele mmoja kidevuni, akatazama ndevu, akatazama kofia.

"Huyu si wewe," alisema. "Keti benchi ile."

"Mimi ni shahidi."

"Benchi ile, mzee. Wote wanasema hivyo."

Benchi ile ilikuwa ya watu wa kupigwa msasa. Niliketi, na baada ya muda nikaitwa kabla ya Hibaq.

Bwana Kweyu aliniuliza kwetu ni wapi. Nilisema Wamunyu, kule Ukambani. Aliniambia nitaje vijiji vitano vilivyo jirani na Wamunyu. Sasa, mimi niliondoka Wamunyu nikiwa na miaka kumi na minne. Nilitaja viwili, cha tatu nikataja jina la kituo cha petroli. Aliniuliza chifu aliyenitilia sahihi nilipochukua kitambulisho alikuwa nani. Nani anakumbuka chifu? Namkumbuka mbwa wake, alikuwa mkali. Nilisema hivyo, Wangeci akaandika.

"Kama wewe ni Mkamba, ongea Kikamba," Bwana Kweyu alisema.

Hapo nilifurahi. Nilimpa Kikamba cha dakika mbili nzima, nikimweleza ninachofikiria juu ya kamati yake, kalamu zake na kitambi chake. Kumbe hakukuwa na Mkamba hata mmoja mezani. Yule mzee aliyesinzia alifumbua jicho.

"Hicho ni Kisomali," alisema. "Mimi nilikaa Garissa miaka miwili."

Mtu anadhani anajijua, lakini ukiulizwa kwa sauti ile, na karani anaandika, unaanza kusitasita hata jina lako. Niliogopa. Nilijiona mdogo, mwongo, mtu aliyeingia nyumba ya watu kupitia dirishani. Dakika kumi na tano zilinitosha, na Hibaq alikuwa ameishi hivyo miaka miwili.

"Kuna mtu anayekujua hapa?" aliuliza Bwana Kweyu.

Hibaq alisimama. "Mimi namjua."

Akaanza. Alitaja jina langu lote, Munyao Mutisya. Alitaja ukoo wangu. Alivitaja vijiji vya Wamunyu saba, si vitano, maana tangu akiwa na miaka sita alikuwa akienda huko na Ndunge kila Desemba kula muthokoi kwa mama yangu. Alisema mama yangu aliitwa Ndunge pia, na tulipomzika, Hibaq ndiye aliyebeba picha mbele ya jeneza. Mimi nilianza kulengwalengwa na machozi. Ingekuwa vizuri angeishia hapo.

"Anaogopa bata bukini," aliendelea. "Anakoroma. Dawa za presha anazificha ndani ya kifaru aliyemtoboa tumbo, ili mkewe adhani anazimeza. Na huyo twiga mkubwa wa sebuleni anasema alikosa mnunuzi, lakini ukweli ni kwamba alimtoboa sikio."

Hata benchi ilicheka. Bwana Kweyu alifuta macho kwa leso.

"Huyu ni Mkenya," alisema. "Andika ametambuliwa na Hibaq Mumin."

Wangeci aliandika, kisha akasimamisha kalamu. "Hapa wanataka nambari ya kitambulisho cha shahidi. Huyu msichana hana."

"Acha wazi, tutajaza baadaye."

"Ikiwa wazi faili haifungwi, na kitambulisho cha mzee kinabaki ndani ya faili."

"Basi kibaki. Anayefuata, Hibaq Mumin. Shahidi wako yuko wapi?"

"Ni huyu," Hibaq alisema akinionyesha.

"Huyo faili yake haijafungwa. Hawezi kuwa shahidi."

Nilisimama tena. "Bwana mwenyekiti, mmeamini neno lake juu yangu. Mbona hamuamini neno lake juu yake mwenyewe?"

"Wewe ni Mkamba, mzee. Yeye ni kesi tofauti."

"Robo saa iliyopita mimi nilikuwa Msomali."

Bwana Kweyu alipanga kalamu zake. Kisha akasema Hibaq alete mashahidi wengine Alhamisi ijayo, na kamati ikaenda kula.

Njiani Hibaq hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliikunja ile barua ya chuo mara nne, akaitia mfukoni, akasema labda atamsaidia mama yake dukani tu, kazi ni kazi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, na ana miaka ishirini. Nilitembea nikitafuta mtu wa kumpiga na sikumpata.

Jioni hiyo, kwenye meza ya drafti, nilieleza yote. Mulwa, ambaye ni dereva wa mkubwa mmoja serikalini, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ID yako iko ndani mpaka Hibaq apate yake?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na ikiwa ID zingine kumi na moja ziko ndani? Manze, hao watu watalala wapi?"

Tulitazamana. Kisha wote tukatazama upande wa duka la Amino.

Amino alikataa kulipwa. Alichanganya hina katika beseni la kufulia, akitikisa kichwa, akituambia tumerukwa na akili, na akitupaka mmoja mmoja kama watoto wa chekechea. Mchungaji Muoki, ambaye ana ndevu nyingi kuliko sisi sote, aliuliza kama Jumapili itakuwa imetoka. Amino alimwambia itatoka baada ya miezi miwili. Mchungaji alifumba macho, nadhani akiomba, kisha akatoa kidevu. Wavinya naye alitaka kuja, akapaka nywele zote.

Alhamisi tuliingia mle ofisini, mimi na wenzangu kumi na mmoja, videvu vinawaka. Wangeci alituona, akaweka chai chini taratibu.

"Sisi ni mashahidi wa Hibaq Mumin," alisema Mchungaji.

Wangeci hakuwa na la kufanya. Wiki iliyopita ndevu nyekundu zisizo kwenye picha zilipelekwa benchi, na mambo ya ofisi ukiyaanza hivi lazima uyamalize hivyo. Alikusanya vitambulisho vyote. Tulijaa benchi, wengine tukaketi sakafuni. Mmoja mmoja aliulizwa vijiji, akashindwa. Mmoja mmoja aliulizwa chifu, akashindwa, na wala hatukuwa tunaigiza. Mulwa alipoulizwa jina la bibi yake mzaa baba alisema "Cucu", yaani bibi, akabishana nao kwamba hilo ndilo jina.

"Nani anakujua hapa?"

"Hibaq."

Hibaq alisimama mara kumi na moja. Mtoto yule aliwajua watu wa mtaa kuliko mtaa wenyewe. Alisema Mchungaji alikuwa akicheza kamari kabla ya kuokoka na bado anajua matokeo ya mechi. Alimwambia Mulwa jina la bibi yake, na Mulwa akaliandika kwenye kiganja asije akalisahau. Kila faili ilifika mahali palepale, kwenye nambari ya shahidi, na Wangeci akaacha wazi.

Ilipofika saa sita mafaili kumi na mawili yalikuwa wazi mezani, na langu juu. Simu ya Mulwa ililia. Alikuwa mkubwa wake, anataka gari. Mulwa alisema hawezi kuendesha bila kitambulisho, na kitambulisho kiko kwa Bwana Kweyu, na kama mkubwa anataka, aongee na Bwana Kweyu mwenyewe, yupo hapa. Alimpa simu. Bwana Kweyu alisimama kuongea nayo, akisema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, hapana mheshimiwa, ni ndevu.

Aliporudisha simu aliyavuta mafaili mbele yake.

"Wangeci," alisema, "ili tufunge haya mafaili tunahitaji nini?"

"Nambari moja."

"Ya nani?"

Wangeci alimtazama Hibaq, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. Alitoa ile karatasi ya kungojea, yenye nambari na muhuri, na nadhani alikuwa ameijaza tangu asubuhi. Bwana Kweyu aliitia sahihi. Kisha Wangeci akaandika nambari hiyo mara kumi na mbili, na sisi sote tukawa Wakenya tena.

Hibaq aliishika karatasi akasoma jina lake, limeandikwa sawasawa, kila herufi. Ndipo akalia. Alilia kwa hasira, na mimi nilimwelewa. Hawakukubali kwamba yeye ni mtu wa hapa. Walikubali kwamba bila yeye sisi hatufungiki. Lakini chuo hakingeuliza hayo.

Tukitoka, Bwana Kweyu aliniita pembeni, akigusa mvi za kidevu chake.

"Mzee, hiyo hina inauzwa wapi?"

Nilimwambia. Ni dukani kwa Amino, na aende Jumamosi, maana siku hiyo anasaidiwa na binti yake wa pili. Huyo anafikisha miaka kumi na minane mwezi wa nane, na tayari tumemwekea Amino oda ya beseni lingine la hina.