Mkwe wa Drusilla na Kamera Yake

Hapa kwetu Gesima, mama mkwe haongei mambo ya mwili mbele ya mume wa binti yake. Ni aibu kubwa, tunaita chinsoni. Na si yule mama peke yake. Wanawake wote wa rika lake ni mama mkwe kwa huyo kijana. Hata uwe umesoma mpaka wapi, mdomo unakauka.

Sasa mjukuu wangu Lavender ana kikundi cha akina mama. Tunakata migomba iliyokwisha kuzaa, tunakwangua nyuzi kwa kisu, tunazichemsha mpaka zilainike, tunazikausha, kisha tunashona pedi za wasichana wa shule. Lakini kwa kisu kazi haiendi, na wasichana wanaongoja ni wengi. Lavender akaomba wafadhili watununulie mashine ya kukwangua. Wa kwanza walikataa. Wengine hata hawakujibu. Hawa wa Kisumu wakasema watakuja kutuona. Baba yake akamwambia wazi, "Hawa nao wakikataa, unaacha mambo ya migomba, unarudi kuuza dukani Kisii."

Aliyepangwa kusema ni Drusilla, mwenyekiti wetu, mke wa mwanangu mdogo. Yule mdomo wake ni moto, hata chifu anamkwepa. Gari likasimama, akashuka mama mmoja anaitwa Apiyo. Nyuma yake akashuka mpiga picha, kamera shingoni. Kumbe ni Ochoki, aliyemwoa binti wa Drusilla juzi Desemba! Sisi tulijua anapiga picha za harusi tu huko Kisumu.

Drusilla aliingia kwenye migomba kama kuku aliyeona mwewe.

"Akina mama," Apiyo akauliza kwa upole, "hizi pedi mlianza kuzitengeneza kwa nini?"

Wote wakaangalia nyasi.

"Nani amezitumia? Zinakaa vizuri?"

Mmoja akakohoa. Ochoki mwenyewe alikuwa ameuficha uso nyuma ya kamera. Lavender akataka kujibu, Apiyo akamkatiza.

"Wewe nimesoma barua zako, dada. Nimekuja kuwasikia hawa. Ama kikundi ni cha karatasi?"

Nikaona macho ya mjukuu wangu yamejaa machozi. Mimi nilikuwa nimeambiwa nikae tu, maana Kiswahili changu ni cha darasa la tatu. Lakini nyanya hana chinsoni na wajukuu. Mke wa Ochoki ni mjukuu wangu, kwa hiyo kwa utani wetu huyo mume ni wetu sote wawili.

"Wewe mume wangu Ochoki!" nikaita. "Umeniletea sukari ama ni kamera tu?"

"Ni kamera tu, Magokoro," akasema, akiniita nyanya kwa lugha yetu, jasho likimtoka.

"Basi nitatafuta mume mwingine. Hebu shuka kule shambani ukapige majani ya chai picha! Hawa wote ni mama wakwe zako, na umesimama hapo kama nguzo ya stima, sisi tunataka kuongea mambo ya damu!"

Kicheko kikatoka ndani ya migomba. Apiyo akashika kichwa.

"Uwii! Ni mkwe? Mbona hamkusema? Hata kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake!"

Ochoki aliondoka karibu anakimbia. Hapo ndipo midomo ilifunguka. Drusilla akatokea, majani makavu kichwani.

"Linet wangu, kitindamimba, alikuwa anajifungia nyumbani kila mwezi. Siku hizi hakosi shule!"

"Mwambie ile ya kwanza!" mwingine akadakia. "Iliwasha kama upupu!"

"Nilitembea kama bata mpaka kanisani!"

Apiyo alicheka mpaka akafuta machozi. Akazishika pedi, akazikunja, akauliza, akajibiwa na watu watano kwa pamoja. Mwisho akamgeukia Lavender. "Mashine mtapata. Uamuzi ni wangu, na nimeamua. Siku nyingine nitaleta mpiga picha msichana."

Lavender akakaa chini kwenye nyasi na nguo yake nzuri. Nilimwacha apumue.

Chakula kikaiva, na hakuna mama aliyekubali kumwita Ochoki. Nikashuka mwenyewe polepole na fimbo yangu. Nilimkuta katikati ya shamba la chai, kamera imezimwa, uso umemshuka.

"Nimewaharibia, Magokoro?"

"Wamekubali. Njoo ule."

Akashusha pumzi, unaweza kufikiri ile mashine ni yake.