Baruti Ndani ya Kibuyu

Nimekusanya vibuyu vya baruti miaka kumi na tisa. Ni vya shaba ya manjano, vya enzi za bunduki za kushindilia, kila kimoja na mdomo wake wa kupimia baruti. Mke wangu huviita wake wenzake.

Kimoja, chenye mbwa wawili wa kuwinda ubavuni, kilipasuka mshono. Asubuhi hiyo nikakipeleka kwa shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye ni fundi wa kulehemu. Nikampa masharti kama bosi: asikitie maji, yataharibu rangi, azibe ufa tu. Sikumwambia kwamba ndani mlikuwa na baruti iliyoganda, ya tangu enzi hizo. Kibuyu chenye baruti yake yenyewe hakipatikani ovyo, na nilijua akisikia tu ataimwaga. Nikajidanganya kwamba baruti ya kale imeshakufa.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Nikasimama. Nikapanga upya rafu ya juu, nikaipangua. Nikampigia simu shemeji, hakupokea. Nikaona afadhali, maana ningeanzia wapi? Nikachemsha chai, nikaisahau. Kila pikipiki iliyopiga mshindo nje, roho ilinitoka.

"Una nini leo? Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia," mke wangu akasema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Sina kitu."

"Basi kaa. Unanitia kizunguzungu."

Nilikaa dakika mbili. Nikamtazama alivyoinama, uso karibu kabisa na kazi, vilevile mdogo wake anavyoinama mezani kwake. Hapo nikauona uso wake juu ya moto. Nikatoka na ndala.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu akikimbia barabarani watu humpisha, wakidhani ana msiba. Mimi niliomba tu nisikute umati mlangoni kwake.

Hapakuwa na mtu. Shemeji alikuwa peke yake kwenye kigoda, moto umezimwa, mikono mapajani. Kibuyu kilikuwa ndani ya ndoo, na maji yamekuwa meusi.

"Usikiguse," nikasema, nikihema. "Kina baruti."

"Najua. Shaba nyembamba vile haiwezi kuwa na uzito ule. Nilijua kabla hujafika kona."

"Sasa mbona hukupokea simu?"

"Nilitaka uje." Akatazama saa ya ukutani. "Nikasema nikae, nione shemeji atanikumbuka baada ya muda gani. Imekuchukua saa mbili na robo."

 Akakitoa kibuyu, akakipangusa taratibu kwa kitambaa, mpaka kwenye masikio ya mbwa, akanikabidhi. Ufa ulikuwa wazi vilevile.

"Jioni nakuja kula kwenu kama kawaida," akasema. "Nikikuta dada hajui, nitakula, nitashukuru, na sitakanyaga tena."

Nilirudi nikiburuta ndala, na kila hatua nilipata uongo mpya, mwingine mzuri kabisa. Ningesema nilisahau. Ningesema hata mimi sikujua. Angeniamini, huwa ananiamini, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mke wangu alikuwa na pini mdomoni. Akaniuliza kwa nyusi tu.

"Nusura nimuue mdogo wako," nikasema. "Na nilikuwa najua."

Cherehani ikasimama.